Mama Akisema Koo Linabana

Ganzi ya mgongoni imekamata vizuri. Mama hahisi kitu kuanzia kifuani kushuka chini, shuka za kijani zimetandazwa, mpasuaji anangoja umwambie aanze. Dakika tatu zilizopita umemchoma dawa ya kuzuia maambukizi. Mashine inalia: presha 70 kwa 40. Hushtuki, maana ganzi ya mgongoni hushusha presha kila siku. Unampa efedrini na kuifungua dripu. Unapima tena: 64 kwa 35. Unaongeza efedrini. Hapo mama anageuza uso na kukuambia kwa sauti ndogo, "Dokta, viganja vinaniwasha." Punde anakohoa. "Koo linabana."

Makala haya nayaandika kwa ajili ya dakika hiyo. Nayaelekeza kwanza kwa wenzangu tunaosimama kichwani pa mama katika hospitali za wilaya na vituo vya afya, ambako mara nyingi mtu wa usingizi ni mmoja na hana wa kumwita. Lakini mjamzito anayesubiri tarehe yake, mume wake na mama mkwe wake nao wayasome, kwa sababu kuna kazi humu ambayo hakuna daktari anayeweza kuwafanyia.

Neno langu ni moja. Katika upasuaji wa kujifungua, mzio mkali hujificha nyuma ya ganzi, na mara nyingi wa kwanza kuugundua ni mama mwenyewe. Tukimsikiliza kabla, wakati na baada ya upasuaji, tutampa adrenalini mapema, na atatoka mezani akiwa hai.

Kwa nini mzio hujificha

Katika mshtuko wa mzio, kinga ya mwili hukutana na kitu inachokiona adui, ikamwaga histamini na kemikali nyingine kwa wingi mno. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja. Njia za hewa hubana na kuvimba. Presha huanguka kwa sababu mishipa imekuwa mipana na kilichomo kinapotea kwa wakati mmoja.

Sasa fikiria mama ambaye tayari amechomwa ganzi. Ganzi imelegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili na kuzima neva ambazo zingeibana ili kumwokoa. Mji wa mimba unaegemea mishipa mikubwa ya tumboni na kuzuia damu kurudi kwenye moyo. Mzio ukimkuta katika hali hiyo, presha huanguka vibaya zaidi. Ubaya mwingine ni kwamba anguko hilo lina maelezo rahisi yanayomtuliza kila mtu chumbani: "Ni ganzi tu." Vipele ambavyo vingetuamsha vimefunikwa na shuka, na vingine havitoki kabisa mpaka presha ipande na damu irudi kwenye ngozi.

Uingereza ilifanya ukaguzi mkubwa wa mizio mikali inayotokea wakati wa usingizi na ganzi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2018. Kwa mwaka mmoja zilipatikana kesi 266, takriban 1 kwa kila wagonjwa 10,000. Wagonjwa 10 walifariki. Ishara ya kwanza iliyoonekana mara nyingi kuliko zote ilikuwa presha kuanguka, si vipele. Katika kesi ambazo kisababishi kilijulikana, karibu nusu kilikuwa antibiotiki. Kwa wanawake wa uzazi kiwango kilikuwa cha chini zaidi, takriban 3 kwa kila 100,000.

Uchache huo usitupumbaze. Maana yake ni kwamba unaweza kufanya kazi miaka 10 bila kuuona mshtuko wa mzio, na siku utakapokuja, mikono yako haitakuwa na mazoea nao. Mazoea hayo lazima uyatengeneze mapema.

Mazungumzo ya kabla ya sindano

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka swali la mzio liulizwe kabla ya kuanza usingizi au ganzi. Mara nyingi tunaliuliza kwa haraka tukiwa tumeinamia fomu: "Una aleji?" Mama naye, aliye kwenye uchungu na hofu, anajibu upesi: "Sina." Alama inawekwa, tunaendelea.

Keti kidogo. Muulize kwa lugha ya nyumbani:

"Mama, kuna dawa uliwahi kunywa au kuchomwa ikakuletea shida?"

"Hapana, dokta. Labda ile ya mwaka juzi, nilipokuwa na kidonda. Nilichomwa sindano, nikavimba midomo na macho. Wakaniambia ni malaria."

"Sindano gani, unakumbuka?"

"Ile ya unga, wanaichanganya na maji."

Umepata jambo kubwa ambalo "Una aleji?" halikulitoa. Sindano ya unga unaochanganywa na maji huenda ilikuwa dawa ya jamii ya penisilini au seftriaksoni, na midomo kuvimba ni dalili nzito. Tafuta kadi yake ya kliniki, muulize ndugu aliyemsindikiza, na ubadilishe dawa kabla hujaivunja chupa.

Upande wa pili, si kila anayesema ana aleji anayo. Watu wengi wa huku kwetu waliokunywa klorokwini zamani waliwashwa mwili mzima usiku kucha. Ule ulikuwa usumbufu wa dawa, haukuwa mzio wa aina tunayoizungumzia. Kutapika baada ya eritromaisini si mzio. Kuwashwa pua na uso baada ya mofini ya mgongoni pia si mzio. Hata kati ya watu wanaobeba jina la "mzio wa penisilini", wakipimwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 hukutwa hawana. Kwa hiyo usiandike tu neno "mzio". Andika dawa gani, ilimfanya nini, baada ya muda gani, na kama alihitaji kulazwa. Kuvimba midomo au ulimi, kukosa pumzi, kuzimia, au ngozi kubabuka baada ya dawa za salfa kama Septrin au zile za kinga ya malaria za kliniki ni mambo mazito. Hayo yaandikwe kwa wino mwekundu.

Uliza pia kuhusu mpira. "Ukipuliza puto, midomo inawasha au kuvimba? Ukivaa glovu? Mkitumia kondomu? Ukila ndizi, parachichi au papai, mdomo unawasha?" Mtu mwenye mzio wa mpira wa lateksi mara nyingi husumbuliwa pia na matunda hayo. Walio hatarini zaidi ni waliofanyiwa operesheni nyingi na wanaovaa glovu kila siku, wakiwemo wauguzi wenzetu. Mama wa namna hiyo atafutiwe glovu zisizo za lateksi kabla hajaingia chumbani.

Mpangilio unaookoa

Jambo dogo lenye faida kubwa ni saa ya kutoa antibiotiki. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuitoa kabla ya kisu, si baada ya kitovu kufungwa. Mimi naongeza: ikiwezekana itoe kabla ya ganzi pia, mama akiwa macho, kipimo cha presha kikiwa mkononi na cha oksijeni kidoleni. Mizio mingi ya dawa za mshipa huanza ndani ya dakika chache. Ukimchoma, ukakaa naye dakika 5 au 10 mkizungumza huku unaandaa sindano ya mgongo, mzio ukija utauona waziwazi na hutakuwa na ganzi ya kuilaumu.

Toa dawa moja baada ya nyingine, na itaje kwa sauti: "Natoa sefazolini gramu 2, saa nne na dakika kumi." Muuguzi aandike. Ukichoma dawa nne kwa mkupuo, hutajua kamwe ipi ilimdhuru.

Kisha adrenalini. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, iguse kwa mkono wako. Ampuli ziwe ngapi? Tano ni mwanzo mzuri. Zimepita muda? Zimekaa mbali na jua? Ziwe kwenye kisanduku kimoja na bomba za sindano, maji ya chumvi na karatasi ya dozi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, juu ya meza yako. Zikiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kunywa chai, huna adrenalini.

Jifunze kuichanganya bila kufikiri. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 ndani ya mililita 1. Ivute yote kwenye bomba la mililita 10, kisha vuta maji ya chumvi mpaka mstari wa 10. Geuza bomba mara mbili tatu lichanganyike. Bandika lebo. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100, na nusu mililita ina mikrogramu 50. Nusu mililita hiyo ndiyo dozi ya mshipa kwa mtu mzima ambaye moyo wake bado unapiga. Ampuli nzima ya miligramu 1 haichomwi kwenye mshipa wa mtu mwenye mapigo. Kosa hilo laweza kumwua.

Dakika zenyewe

Turudi kwa mama wetu. Presha haijapanda baada ya efedrini mbili na dripu. Viganja vinawasha, koo linabana. Usingoje vipele. Jiwekee kanuni: presha ikikataa dawa za kila siku, au mama akilalamika kuwashwa, koo, kifua, au akisema "nahisi nakufa", jiulize kwa sauti, wote wasikie: "Je, huu ni mzio?"

Sauti hiyo ni tiba ya kwanza, kwa kuwa inamtoa kila mtu kwenye usingizi wa "ni ganzi tu". Mpasuaji anasimamisha mkono. Mkunga anasogea. Mtu mmoja anatumwa kuita msaada, mwingine anashika saa na kalamu.

Simamisha unachokishuku. Kama dawa bado inaingia kwenye dripu, ondoa mpira wote wa dripu na uweke mpya, maana dawa iliyobaki ndani bado ni sumu kwake.

Toa adrenalini. Kama hujazoea kuitoa kwenye mshipa, au huna kipimo cha moyo, njia salama ni msuli wa paja, upande wa nje, katikati: miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli bila kuchanganya. Rudia kila baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Kama umezoea na mashine inaonyesha mapigo, toa mikrogramu 50 kwenye mshipa, tazama, rudia. Anayehitaji dozi nyingi awekewe dripu ya adrenalini kwenye mshipa wake peke yake: miligramu 1 ndani ya lita 1 ya maji ya chumvi, lebo kubwa juu yake. Kwa mama wa kilo 60 anza na matone kama 100 kwa dakika ukitumia seti ya matone 20 kwa mililita, kisha punguza au ongeza kufuatana na presha.

Mpe oksijeni yote uliyonayo. Sukuma mji wa mimba kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama, au inamisha meza kushoto, ili damu irudi kwenye moyo. Inua miguu yake. Usiinamishe meza nzima kichwa chini ikiwa ganzi nzito imechomwa sasa hivi, maana itapanda kifuani. Wala usimkalishe ghafla mama ambaye presha yake imeanguka; moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma.

Mimina maji: nusu lita hadi lita 1 kwa haraka, kisha uangalie na kurudia. Mishipa inavuja, kwa hiyo anaweza kuhitaji lita kadhaa. Mama mwenye kifafa cha mimba au presha ya ujauzito mapafu yake hujaa maji upesi. Kwake pima kila nusu lita na usikilize kifua. Adrenalini bado ni yake, lakini kwa dozi ndogondogo na jicho la karibu. Akiwa ametumia labetaloli, huenda adrenalini isimfanyie kazi vizuri. Hapo glukagoni, kama ipo, ina nafasi yake.

Sauti ikianza kukwaruza, ulimi ukivimba, au oksijeni ikishuka licha ya yote, weka mpira wa kupumulia mapema. Koo lililovimba halingojei. Kwa kumlaza, ketamini inafaa: haishushi presha kama dawa nyingine nyingi, nayo hutanua njia za hewa. Kama mama yuko kwenye nusukaputi ya halotheni, izime au ipunguze kabisa, kwa kuwa halotheni na adrenalini zikikutana moyo unaweza kuanza kupiga ovyo.

Nakuomba sana kuhusu tabia moja tuliyonayo. Mgonjwa akipata mzio, mkono wetu hukimbilia haidrokotisoni na Piriton. Dawa hizo hazifungui koo lililobana wala haziinui presha iliyoanguka. Zina nafasi yake baadaye, vipele na kuwashwa vikibaki. Dakika unayoitumia kuzitafuta wakati adrenalini iko mezani ni dakika ya mama na mtoto.

Na mtoto je?

Mtoto hapati mzio wa mama. Anachokosa ni damu na hewa, kwa sababu presha ya mama ikianguka kondo la nyuma hukosa damu. Tiba bora kwake, mpaka atakapotoka, ni adrenalini kwa mama yake.

Kama kisu hakijaanza na mama anaitikia tiba, mtulize kwanza, kisha mpasuaji na wewe mwamue pamoja. Kama tumbo liko wazi, au mama haitikii, mtoto atoke upesi. Hilo linamsaidia hata mama, maana mishipa yake mikubwa inafunguka. Moyo ukisimama, au presha ya juu ikibaki chini ya 50 licha ya dawa, anza kukandamiza kifua mara moja hata kama mashine bado inachora mapigo. Moyo ukisimama na mimba imefika kitovuni au kupita, mtoto awe ametoka ndani ya dakika 5, hapo hapo alipo mama, bila kumhamisha. Mkunga awe tayari na meza ya joto, mfuko na barakoa ya kumpulizia mtoto. Dakika yake ya kwanza ni ya thamani kama ya mama.

Vinavyofanana na mzio

Ganzi iliyopanda juu hushusha presha na kumnyima mama pumzi, lakini kifua hakipigi filimbi na midomo haivimbi. Mwambie, "Nishike vidole, vikaze." Mkono uliolegea na sauti ya kunong'ona vinaelekeza kwenye ganzi. Oksitosini ikichomwa haraka kwenye mshipa hushusha presha na kuufanya uso kuwa wa moto kwa muda mfupi. Ndiyo sababu hutolewa polepole. Damu inayomwagika huonekana kwenye ndoo na shuka, ila nyingine hujificha tumboni. Maji ya uzazi yakiingia kwenye damu, mama huanguka ghafla na oksijeni kushuka, kisha damu hukataa kuganda.

Mzio wa lateksi una saa yake. Mara nyingi haumkuti mama katika dakika za kwanza. Huja baadaye, labda nusu saa, mikono yenye glovu ikiwa imekaa tumboni. Mama akianguka baada ya mtoto kutoka na damu si nyingi, tazama glovu, oksitosini na klorheksidini ya kusafishia ngozi.

Ukibaki na shaka, pima uzito wa makosa mawili. Ukimchoma adrenalini ya paja mama ambaye hakuwa na mzio, moyo utamwenda mbio na mikono itatetemeka kwa muda. Ukimnyima mama aliyekuwa nao, huenda usipate nafasi ya kujirekebisha.

Baada ya kushona

Presha imepanda, mtoto amelia. Kazi bado. Adrenalini hulegeza mji wa mimba, kwa hiyo mkono wa mkunga usiondoke tumboni. Kama oksitosini yenyewe inashukiwa, tumia dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, kwa kuzingatia presha ya mama.

Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila mama kuguswa tena na kisababishi. Aliyepata mshtuko mkali akae chini ya uangalizi wa karibu kwa saa 24, adrenalini ikiwa kando ya kitanda na muuguzi wa zamu akijua dozi yake. Kama anahitaji rufaa, asipakiwe kwenye gari mpaka presha itulie, na aende na mtu anayeweza kumchoma adrenalini njiani. Akitulia, mtoto awekwe kifuani anyonye. Adrenalini iliyomwokoa mama haimdhuru mtoto.

Kama hospitali ina maabara ya kupima triptesi, kemikali inayopanda kwenye damu baada ya mzio, chukua damu mara hali inapotulia, nyingine saa 1 hadi 2 baada ya tukio na isipite saa 4, na ya mwisho baada ya saa 24. Penye maabara isiyo na kipimo hicho, karatasi yenye saa za matukio ndiyo ushahidi mkubwa: dawa gani ilitoka saa ngapi, presha ilianguka saa ngapi, nini kilifuata. Daktari wa mzio katika hospitali kubwa anaweza kumpima ngozi wiki 4 hadi 6 baadaye akiwa na karatasi hiyo. Bila hiyo atakuwa anapapasa gizani.

Karatasi ya mama

Hapa ndipo tunapoangusha kazi nzuri tuliyoifanya. Mama anaruhusiwa, anashukuru, na kitu pekee anachoondoka nacho ni maneno ya muuguzi wa asubuhi: "Wewe una aleji na ganzi." Miaka mitatu baadaye anakuja na mimba nyingine. Anasema ana aleji na ganzi, na mtaalamu mwingine anaogopa kumchoma mgongo. Anampa nusukaputi yenye hatari zake zote, huku dawa za ganzi tunazochoma mgongoni ni miongoni mwa visababishi adimu sana vya mzio. Mhalifu alikuwa antibiotiki, nayo anachomwa tena, kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Keti naye kabla hajaondoka, ndugu yake akiwepo. Mweleze kilichotokea kwa maneno anayoyaelewa. Mpe karatasi yenye jina la dawa au kitu kinachoshukiwa, jina la jamii ya dawa hiyo, dalili alizopata, matibabu aliyopewa, na zile dawa alizopata siku hiyo ambazo hazishukiwi. Bandika nakala kwenye kadi yake ya kliniki. Mwombe aipige picha kwa simu yake na ya mume wake. Kisha mwambie arudie kwa mdomo wake: "Nisichomwe sefazolini wala za jamii yake mpaka nipimwe." Akilisema mwenyewe, halitapotea.

Kwako mjamzito, na kwenu mnaomsindikiza

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usione haya kusema ulivimba macho baada ya dawa za kienyeji, wala usidhani kuwashwa na puto ni jambo la kitoto lisilofaa kumwambia daktari. Andika nyumbani majina ya dawa zilizowahi kukusumbua. Kama hukumbuki jina, beba paketi au chupa. Mwambie mumeo au mama yako, kwa maana siku ya uchungu unaweza kushindwa kuzungumza. Ukiwa mezani ukahisi kuwashwa, kikohozi, koo kubana, kifua kuwa kizito au hofu kuu ya ghafla, sema papo hapo na usijali kama utaonekana unadeka. Wewe ndiye unayeuhisi mwili huo. Mashine inakuja nyuma yako.

Na kwako mwenzangu: wiki hii, kabla ya orodha ya upasuaji, tenga dakika 10. Mlaze mwenzenu mmoja mezani awe mgonjwa, aseme, "Viganja vinaniwasha." Mwone nani anasema neno "mzio", adrenalini inafika mkononi baada ya sekunde ngapi, na nani anajua kuichanganya. Mara ya kwanza itawachukua muda mrefu na mtaaibika kidogo. Rudieni mwezi ujao. Mara ya tatu, ampuli itakuwa imevunjwa na bomba limevutwa kabla hajamaliza kusema koo linabana.

Hivyo ndivyo mama wa kweli anavyostahili kukukuta.